Birika Lisilotumika

Kwenye avenyu ya saba ya Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mbele ya duka la fundi cherehani lililofungwa, kuna benchi la mbao lenye wajumbe wawili wa kudumu. Mmoja ni Massoudi, aitwaye Mhuri, kwa kuwa alikaa ofisi ya komini, serikali ya mtaa, miaka thelathini na moja akigonga mihuri kwenye karatasi za wenzake. Wa pili ni Sylvère Pistoni, fundi wa magari ambaye magari humngojea yeye. Kahawa wanaipata kwa mzee Idi, anayeiuza hapo kando ya benchi, na asubuhi hiyo birika la Idi lilikuwa linaombwa liingie kazi ya serikali.

Aliyeliomba ni Adélaïde, mwalimu wa historia kule Mutanga Sud. Alikuwa amepanga kuwapeleka wanafunzi wake makumbusho. Basi lilipatikana, saini ndiyo haikupatikana. Mwenye kusaini alikuwa misheni, safari ya kikazi, huko Gitega, na kaimu wake alikuwa bado anangoja barua ya kumruhusu kukaimu. Adélaïde akaona heri afungue chumba cha makumbusho palepale shuleni, akawa anapita mitaani kuomba vitu vya zamani. Alipoliona birika la shaba, akatoa fomu.

Idi alikubali upesi, hata mwenyewe akajishangaa. Birika lilikuwa la mama yake, Fatouma, aliyeuza kahawa hapo miaka arobaini, na jina lake halikubaki limeandikwa popote ila kwenye kitambulisho kilichokwisha kuliwa na mchwa. Kama watoto watalisoma ukutani, basi, yeye atauza kahawa kwa sufuria.

Fomu iliuliza mambo matatu: asili, umri, na saini za mashahidi wawili kwamba kifaa hakitumiki tena.

— Asili ni Ujiji, alisema Mhuri. Ilikuja na musafara, juu ya kichwa ya mutu.

— Apana, bwana. Tazama hii kifuniko. Hii ni kazi ya Wadachi.

— We Pistoni, kila kitu inakushinda kufungua, unasema ni ya Wadachi.

Pistoni hakuudhika. Akaeleza kwa utulivu kwamba afisa wa Kidachi alilisahau birika hapa alipokuwa akikimbia, na ndiyo maana walishindwa vita: jeshi bila kahawa linalala mapema. Mhuri, ambaye hakuwa tayari kupitwa na fundi katika mambo ya historia, akarudi nyuma zaidi. Birika lilikuwapo kabla ya mji. Watu walikuja kunywa, wakachelewa kurudi kwao, wakajenga. Bujumbura yote, kutoka bandarini hadi Kigobe, ni watu waliokuwa wanangoja kikombe cha pili.

Idi alisikiliza huku akimimina. Misafara ilikuwamo, vita vilikuwamo, mji mzima ulikuwamo. Mama yake hakuwamo. Akaichungulia fomu, hata humo hakuwa na kisanduku.

— Mzee Massoudi, weka saini hapa, alisema Adélaïde. Kwamba haitumiki.

— Ngoja kwanza, madamu. Idi, niongezee kidogo, sisaini na kikombe mutupu.

Idi akamwongezea. Mhuri akanywa, akashika kalamu. Adélaïde akakitazama kikombe, akalitazama birika linalofuka moshi, kisha akaivuta fomu polepole kabla wino haujaigusa.

— Mzee Idi, mama alikuwa anaikala wapi?

Idi hakutegemea kuulizwa. Akanyoosha kidole.

— Pale. Mahali Pistoni iko.

Pistoni akainuka kama aliyekalia kaa la moto. Adélaïde akaigeuza ile karatasi, na upande ulio mtupu akaandika: Fatouma, muuza kahawa, alikaa hapa. Akauliza kama Idi anaweza kuwasimulia mwenyewe, hapohapo, wanafunzi thelathini na wanane.

— Vikombe niko navyo kumi na mbili, alisema Idi. Watapokezana.

Mwalimu akamgeukia Mhuri.

— Mzee, watoto wakikuja na miguu, nani anasaini?

Mhuri akahesabu kwa vidole. Ilimpitia akilini mihuri ya miaka thelathini na moja: ya mabasi, ya malori, ya pikipiki, hata ya mitumbwi. Ya miguu hakuiona. Akakirudisha kikombe kwa Idi kijazwe.

— Basi tutakuja Alhamisi, alisema Adélaïde.

Idi akamwomba aongeze maneno mawili, ili jina litimie: binti Tajudini. Idi akalisoma jina mara mbili, akaibandika karatasi ukutani juu ya benchi. Na hadi adhana ya adhuhuri, Pistoni alikunywa kahawa yake amesimama.