Hakuonyesha Barabara kwa Kidole

Mababa padre, wakwe zetu mliotoka Ulyankulu, walimu na wanafunzi wa chuo, na ninyi majirani wa hapa Ntalikwa, ukoo umenipa mimi Hilari, mdogo wake Anselm mume wa marehemu, kazi ya kuwasimulia habari zake, ingawa marehemu mwenyewe, kwa utani wa shemeji, alizoea kusema kwamba Hilari akishika kipaza sauti ugali hupoa. Leo upoe tu. Najiat amesimama hapa kushoto, anaifuata hotuba hii kwenye karatasi na kuitafsiri kwa lugha ya alama, tunaomba asizibwe.

Eustadia Nduwimana alizaliwa tarehe 9 Februari 1984 huko Ulyankulu, mtoto wa pili wa mzee Justini Nduwimana na mama Valeria Nibitanga, wakulima wenye asili ya Burundi, akitanguliwa na dada mmoja, Stela, aliyempita miaka minane, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye ndiye aliyemlea mgongoni. Stela hakupelekwa shule, basi ndugu hao wakajitungia lugha ya mikono, mama akiwa ni kushika ndewe ya sikio, maana mama Valeria alikuwa na kovu pale, na kufa kukiwa ni kiganja kinachopinduliwa kikalala chali.

Machi 1996 mama Valeria aliletwa Tabora mjini akiwa hoi, akafariki tarehe 21, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimekata barabara, akazikwa huku huku. Nyumbani wakubwa wakakaa kikao, wakaamua Stela asiambiwe, atachanganyikiwa, ngoja kwanza, na kwa kuwa aliyeweza kumwambia alikuwa mmoja tu, wakamwagiza Eustadia, mtoto wa miaka kumi na miwili, kwamba dada akiuliza amwonyeshe barabara, yaani mama yuko njiani anakuja. Stela akawa anauliza kila jioni, anashika ndewe ya sikio, na Eustadia ananyoosha kidole.

Mwezi Mei, asubuhi moja, Stela alijifunga kanga akaifuata ile barabara. Alionekana Goweko, akaonekana tena Tura akitembea kandokando ya reli, kule kule walikopita wapagazi wa zamani, anamshikia ndewe kila anayekutana naye, nao wakidhani anaumwa sikio. Kupita Tura hakuna aliyemwona tena, si mzima si maiti, hadi leo hii.

Tangu hapo Eustadia hakumwonyesha mtu yeyote njia kwa kidole. Ukimwuliza stendi iko wapi, anaepua mboga, anajitanda kanga, anakupeleka mpaka stendi yenyewe, nasi tukamcheka, tukamwita kirangozi, kama wale walioongoza misafara, bila kujua tunachekea nini.

Alisoma shule ya msingi Ulyankulu mwaka 1992 hadi 1998, sekondari Urambo hadi 2002, kisha akasomea ualimu wa elimu maalumu, akafundisha watoto viziwi, na mwaka 2012 akaajiriwa kuwa mkalimani wa lugha ya alama katika chuo kikuu kimoja hapa mjini, kwenye ofisi inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu. Tarehe 6 Oktoba 2007 alifunga ndoa na Anselm, wakajaliwa watoto wawili, Valentino na Recheli. Binti alipozaliwa wazee walitaka aitwe Stela, Eustadia akakataa katakata, akisema jina hurithiwa kwa marehemu, na ni nani aliyemwambia kwamba Stela amekufa?

Wanafunzi wake wanasimulia kwamba kipindi kikiisha na ukumbi ukibaki mtupu, alibaki mbele akiyarudia kwa mikono matangazo ya mwisho, uso ameuelekeza mlangoni. Najiat alipomwuliza anamwambia nani, alijibu kuwa ni aliyechelewa. Wengine waliogopa kukaa karibu na mlango ule, na kusema kweli Hilari naye hakai.

Najiat huyu, kiziwi, mtoto wa Tura, alikuwa katikati ya mitihani Julai 2019 baba yake alipofariki, na baba yake mdogo akapiga simu ofisini kuomba binti asiambiwe mpaka amalize karatasi zote. Ofisi ikakubali, kwa nia njema. Eustadia, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule ule, alimwambia mkuu wake maneno haya tu: "Nilishamwonyesha mtu barabara. Sirudii." Akatoka, akamwambia Najiat kwa mikono, akakaa naye chini akilia naye, wakakodi gari, na binti akauona uso wa baba yake kabla hajatolewa nyumbani. Mkataba mpya ulicheleweshwa miezi minne, mboga tukala za kuchuma, lakini Najiat alifanya mitihani yake Septemba akafaulu, na leo yupo ofisi ile ile.

Novemba 2024 Eustadia alianza kusumbuliwa na koo, ikabainika ni saratani, sauti ikatoweka, akabakiwa na mikono. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nane mchana, na neno lake la mwisho alimwambia Najiat. Alishika ndewe ya sikio, akapindua kiganja, kisha akauliza kama Stela ameambiwa. Najiat hakumdanganya. Alimjibu kwamba bado, na kwamba ataambiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake waliokuja kumwosha nywele, majirani mliopika na kulala chini nasi, na wanafunzi mliochimba kaburi.

Sasa Najiat atatangulia mbele ya jeneza, atasimama pale barabarani uso ameuelekeza Tura, naye atamwambia Stela kwamba mama alikufa, na mdogo wake amekufa, asiendelee kutafuta, arudi nyumbani. Tunaomba mtu asikatize mbele yake mpaka amalize.

Pumzika, shemeji. Atakayekuulizia hapa kwetu, tutamwambia.