Mama Clotilde Mwadi Kalenga, Mwonja Sabuni wa Kamina (1945–1999)

Mama Clotilde Mwadi Kalenga, ambaye leo tunamsindikiza kwa machozi na kwa kicheko pia, maana ndivyo alivyotuzoeza, alizaliwa Kinkondja tarehe 14 Machi 1945. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kalenga, mkaushaji wa samaki, na Mama Ngoie. Mama Ngoie hakukubali kuuza samaki aliyekauka nusu. Huyo aliliwa nyumbani. Kwa hiyo watoto wa nyumba ile walikula samaki wabaya utoto wao wote, na Clotilde alilalamika juu ya jambo hilo hadi mwaka huu.

Mwaka 1953 familia ilihamia Kamina. Alisoma kwa Wamethodisti, akamaliza darasa la sita mwaka 1959. Alijua kuimba na alijua kubisha. Walimu walipenda kuimba kwake.

Tarehe 6 Agosti 1966 aliolewa na Lazare Kabange, karani wa stesheni, mtu mpole aliyetangulia mbele za Bwana mwaka 1993. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ève na Matthias.

Mwaka 1971 aliingia kiwanda cha sabuni, Savonnerie Lovoi, kama mkataji, na baadaye akawa mkubwa wa timu. Kila sabuni ilipopikwa aliigusa kwa ulimi. Ikichoma, soda, ile dawa kali ya kupikia sabuni, imezidi. Lazare aliwaambia wageni mezani, “Muke wangu anaonja sabuni kuliko mboga.” Wageni walicheka, lakini walichungulia sahani zao.

Mwishoni mwa 1997, vita ya kwanza ilipokwisha kupita, mkurugenzi alitangaza kwamba kiwanda kitaomba cheti cha ubora. Bila cheti, wanunuzi wakubwa wa Lubumbashi wangechukua sabuni ya nje, na mlango ungefungwa. Mama Clotilde alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Hatimaye watu wa mbali wangejua kwamba Kamina inafanya kazi safi. Alikitamani cheti kile kama watu wanavyotamani mjukuu.

Wenzake walinuna. Sheria mpya zilisema kila mtu ataje kosa lake, na yeyote akiona sabuni mbaya asimamishe kazi, hata kama ni mfagiaji. Bolingo, mkubwa wa chungu cha kupikia, alisema mbele ya wote, “Nikisema kosa yangu, patron atanifukuza. Njo ubora hiyo? Na ile karatasi, tutakula nayo bukari?” Wote walicheka, maana karatasi si kitoweo cha ugali. Mama Clotilde alimjibu, “Weye Bolingo, uko muoga tu.” Kesho yake alitaja kosa lake mwenyewe mbele ya mkurugenzi, katoni nzima ya sabuni iliyokatwa vibaya, na hakufukuzwa. Bolingo alisema ni bahati.

Tarehe 12 Mei 1998 mkaguzi wa cheti alifika kwa treni. Hapo hata walionuna walishikwa na homa ya furaha. Walipaka kuta chokaa, wakavaa nguo za Jumapili, wakapanga viti na maua, na kwaya ikaimba nyimbo nne chini ya uongozi wa marehemu mwenyewe. Ili moshi usimsumbue mgeni, walizima moto. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho, akashika chungu, kilikuwa baridi. “Mama,” alisema, “minyi nilikuya kuona kazi. Kazi iko wapi?” Aliondoka bila kutoa cheti, akaahidi kurudi tarehe 18 Agosti. Jioni Mama Clotilde alilia kweli, halafu akaanza kucheka. “Tulimupokea sawa askofu,” alimwambia Ève, “tukasahau sabuni.”

Mwezi wa Agosti vita ya pili ililipuka. Treni zilisimama, na mkaguzi hakuonekana tena. Bolingo alishusha pumzi: “Mama, tupumue sasa. Hakuna mwenye kutuangalia.” Mama Clotilde akamwonyesha wakimbizi waliojaa stesheni. “Bale bamama banaosha batoto na sabuni yetu. Ikibachoma, utabaambia nini?” Bolingo alirudi kwenye chungu chake akinung'unika.

Lakini siku moja ya Januari Bolingo alifika mbio nyumbani kwa dada yangu, bado na aproni. “Mama, leo nilisimamisha kazi. Soda ilizidi, na kosa ni yangu. Minyi mwenyewe nilisema.” Mama Clotilde alimkumbatia pale mlangoni, na furaha yake siku ile ilizidi ya arusi.

Mwezi wa Aprili shinikizo la damu lilimwangusha. Kitandani hospitalini aliuliza habari za chungu kabla ya habari zetu. Alituachia agizo moja: “Siku ya kunizika, musizime moto. Musifanye tena sawa siku ya mukaguzi.” Alilala usingizi wa mwisho tarehe 9 Juni 1999, cheti hakijafika.

Ameacha watoto wake Ève na Matthias, wajukuu, mdogo wake Wenceslas anayewasomea maneno haya, na wenzake wa kazi. Wengine wako hapa na nguo za kazi. Bolingo hayupo, msimlaumu. Geuzeni macho upande wa reli: moshi ule mnaouona ni wa chungu chake. Yeye na timu yake watakuja sabuni ikishakatwa, na familia imewawekea udongo wa mwisho wa kutupa kaburini. Tutawangoja.

Dada yetu, pumzika kwa amani ya Bwana. Moto unawaka.