Mablanketi Matatu ya Maman Antoinette

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 2016, Maman Antoinette Kalenga anastaafu baada ya miaka kumi na tano ya kukokotoa thamani ya bidhaa katika ghala letu la Anderlecht. Aliajiriwa mwaka uleule ghala lilipofunguliwa, 2001. Sukari ya kantini sasa itapumua.

Kampuni mama, iliyoko Marekani, hutaka bidhaa zithaminiwe kwa jumla ya fedha, na zilizoingia mwisho zihesabiwe kuwa zimetoka kwanza. Kila Desemba, Maman Antoinette alirudisha thamani yote kwenye bei za 2001. Ikiwa bado imezidi ya mwaka uliotangulia, basi mzigo umeongezeka kweli, si bei tu zilizopanda. Ziada hiyo huwa tabaka jipya, kwa bei za mwaka wake. Mzigo ukipungua, tabaka la juu ndilo linaloliwa kwanza.

Mwaka 2006 aliamua kuwafundisha watu wa ghala hesabu hiyo. Alileta mablanketi matatu kutoka nyumbani kwake Ganshoren, akayapanga juu ya meza ya kantini, kisha akayaondoa kuanzia la juu. Somo liliingia, tena likapitiliza. Crispin, msimamizi wa ghala, alikwenda kufanya vivyo hivyo na maziwa ya unga: makopo mapya yakatoka, ya zamani yakabaki nyuma kabisa. Hesabu ya karatasini aliifanya ya mikononi! Tulipogundua, makopo chungu nzima yalikuwa yamebakiza wiki chache tu kabla ya kuisha muda.

Mkurugenzi wetu, Lander, alikuwa ameshaamua kumfukuza Crispin. Mke na watoto wa Crispin walikuwa bado Lubumbashi, na bila kazi hiyo wasingepata ruhusa ya kumfuata huku ughaibuni. Maman Antoinette, mtu wa adabu zake, aliingia ofisini bila kubisha hodi.

“Bon, Crispin hana kosa. Ni miye njo nilimufundisha mubaya. Donc, kama ni kufukuza, munifukuze miye.”

Lander akawapa mpaka mwisho wa mwezi kuyaondoa maziwa. Kila Jumamosi wawili hao walizunguka maduka ya mtaa wa Saint-Josse, Crispin kabeba katoni, Maman akibembeleza na kugombana na wenye maduka kwa zamu. Maziwa yaliisha kwa bei ya chini, na Crispin akabaki kazini. Tangu hapo, kila mfanyakazi mpya alipelekwa kwanza ghalani kuambiwa kwamba mikono hutoa cha zamani, kalamu ndiyo hutoa kipya.

Maman, kwa hesabu yako mwenyewe aliyeingia kwanza hutoka mwisho. Wewe ulitutangulia sote kuingia, na sasa unatutangulia kutoka. Hatujakubali, ila hatuna la kufanya. Tunakupenda, tunakushukuru, na tunakuombea afya njema na asubuhi nyingi zisizo na saa ya kengele. Njoo kantini saa sita na njaa yako. Chakula cha kukuaga kinapikwa na Marie-Jeanne, mke wa Crispin.