Papa Kasonia na Miti ya Kahawa Isiyokuwa na Zahabu

Mwenzetu Ézéchias Kasonia, fundi wa mbao, anaacha kazi katika atelier, karakana ya kanisa letu hapa Butembo, leo tarehe 28 Juni 2003, baada ya miaka thelathini na moja na miezi mitatu. Aliingia na randa moja na msumeno wa baba yake. Anatoka na nywele nyeupe, vidole vyote kumi, na jina ambalo bado halijasafishwa. Wasifu huu nimeuandika mimi Agar, ninayelinda magazini, ghala ya vifaa. Niliomba mwenyewe nipewe kazi hii, na sababu mtaiona.

Alizaliwa mwaka 1938 Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edouard, ambako baba yake alikuwa fundi wa meli ndogo ya mbao iliyobeba watu na samaki wa chumvi. Kwetu amefanya mabenchi ya makanisa kumi na manne, kutoka Eringeti mpaka Kanyabayonga. Yanabeba wenye kusali na wenye kusinzia, na hayalii. Mwaka 1996, vita ilipovunja milango ya shule yetu, alirudisha yote mahali pake kabla ya mutu kumwomba.

Ni mutu wa kushuku sana, lakini anashuku mbao, si watu. Anagonga ubao, anaunusa, anauweka kwenye shavu kama mama anayepima homa ya mtoto, halafu anaurudisha kwa muuzaji: “Huyu anadanganya. Ndani iko mayi.” Mchungaji mmoja alikaa na pazia mlangoni miezi mitano kwa sababu Papa Kasonia hakuwa ameuamini ubao wa mlango wake. Mlango ule mpaka leo unafungwa kwa kidole kimoja.

Mwaka 1999, saa ya kupumzika, alituambia kwamba ile meli ya baba yake ilikwisha kupasuliwa kuni zamani, wala picha yake haipo. Alitaka kuifanya tena, urefu wa mkono mmoja, kila kipande akichonge mwenyewe. Aliichora kwa kukumbuka, nyuma ya kalenda, mbavu ishirini na mbili. Tulicheka kidogo. Vita Beni, vita Lubero, na mzee anataka meli juu ya mlima.

Kutafuta mti kulimchukua miezi. Mti wa libuyu aliukataa. Alisema ni mti mzuri wa mlango, lakini kwenye meli ndogo vitundu vyake vitaonekana kama mashimo ya panya. Muvula nao aliukataa, nyuzi zake ni nene. Mwishowe alichagua mti wa kahawa. Ugonjwa ulikuwa umeua mashamba mengi ya kahawa upande wa Beni, watu wanang'oa na kuchoma. Kule Mabalako, kwa dada yake, aliokota mashina ya zamani yaliyonyooka, unene wa kiwiko cha mtoto. Ukilikata, ndani ni jeupe kidogo na laini kama sabuni, nyuzi hazionekani.

Alileta vipande arobaini na kimoja, vimefungwa katika mifuko. Aliyeyusha mishumaa akaziba ncha zote mbili za kila kipande, maana mti unakauka haraka kwenye ncha ukapasuka. Alivipanga juu, chini ya mabati. Kila Jumatatu alivishusha, akavipima kwenye mizani ya magazini, akaandika uzito kwa kalamu ya risasi. Alitueleza kwamba uzito ukisimama Jumatatu nne bila kushuka, mti umekauka, unaweza kuchongwa.

Alitueleza, ndiyo. Lakini miaka ile nani alikuwa anaamini maelezo? Mutu akinunua chumvi nyingi, tuliuliza anampelekea nani. Jirani akinyamaza, tuliuliza anaficha nini; akisema sana, tuliuliza vilevile. Na mimi, kila Jumatatu, niliona vipande vinavyotoka Mabalako, upande wanaopita wachimbaji wa zahabu, vimezibwa midomo kwa mshumaa, vinapimwa na kuandikwa. Mutu gani anapima kuni?

Alhamisi moja ya Agosti 2000, katika kikundi chetu cha maombi cha akina mama, nilisimama nikatoa hoja. Nilisema tumkumbuke ndugu Kasonia, asije akaingia katika biashara ya zahabu. Wenye kusali wanajua: hoja ya maombi haiulizwi ushahidi, na kila anayeipokea anaipeleka nyumbani. Mama Abigaïl, kiongozi wetu, aliomba kwa machozi dakika kumi. Mimi nilikuwa nimesema asiingie. Tulipofika Amina, alikuwa anaombewa atoke.

Jumanne iliyofuata, mchana kweupe, watu wanne wenye silaha waliingia atelier wakauliza miti yenye zahabu iko wapi. Mkubwa wetu wa kazi, Papa Siméon, alijaribu kuwaeleza habari ya meli, wakamkalisha chini. Kiongozi wao alisema watapasua kila kipande, na kama zahabu haimo, mzee atakwenda nao akaonyeshe alipoihamishia. Sote tulijua maana yake. Waliokwenda hivyo mwaka ule, wengi hatukuwaona tena.

Walianza kupasua. Kila kipande kilichotoka kitupu kilimsogeza Papa Kasonia karibu na ile safari. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa magazini, naomba, na mdomo wenyewe wa kuombea niliuonea haya. Kwenye kipande cha kumi hivi, yeye akasema kwa sauti yake ya kazi:

“Batoto, mufuate nyuzi za muti. Vile munapiga, munaumiza shoka.”

Mwenye shoka akasimama. “Vieux, mzee, sisi tunatafuta zahabu, wewe unatufundisha kazi?”

“Ndiyo. Zahabu iko hapana. Mutarudi hata na kazi.”

Wawili walicheka, kiongozi hakucheka. Walimaliza vyote arobaini na kimoja. Kiongozi akaokota kipande, akanusa, akaomba kuona ile karatasi ya kalenda. Alikuwa mutu wa mutoni, wa huko chini kwenye mapirogi, ile mitumbwi. Aliiangalia sana, akapima kwa vidole, akasema nyuma ya meli ni pana mno, haitageuka vizuri. Akamrudishia mzee karatasi. Wakaondoka bila yeye.

Papa Kasonia alifagia vipande, akampa mlinzi apikie. Mwezi uliofuata alisafiri tena Mabalako, akaanza upya. Nyuma ya meli aliipunguza. Lakini miti mipya hakuileta kupimwa magazini, hata siku moja, na mimi sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

Maneno nayo hayakufa. Zahabu haikuonekana, basi watu wakasema ameificha vizuri. Juma hili tena mama mmoja sokoni ameniuliza kama ni kweli mzee anastaafu tajiri.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake baada ya ibada, maana si haki mutu akutane na jambo kama hili katika programme ya sherehe yake. Nilipiga magoti nikamwambia kwamba ile hoja ilitoka kwangu. Hakushangaa. Aliniinua, akanipa kiti, akasema:

“Msamaha unao, Mama Agar, tangu zamani. Lakini jina langu lingali kule nje linatembea. Wewe ulilitoa, wewe ulirudishe.”

Basi nalirudisha hapa, mbele ya kanisa, wafanyakazi na wageni wote, na Mama Abigaïl amekubali kuusoma wasifu huu kwa sauti. Ndugu Ézéchias Kasonia hajawahi kushika zahabu ya mutu. Alikuwa anakausha mti wa kahawa. Aliyesema vingine alisikia kwangu, na mimi sikuwa nimeona kitu.

Papa, asante kwa mabenchi, kwa milango, na kwa kutufanyia kazi miaka hii mitatu tangu siku ile bila kutugeuzia mgongo. Miti yako sasa imekauka, na umesema ubavu wa kwanza utachongwa Jumatatu. Bwana akupe macho ya kuona nyuzi, mikono isiyotetemeka, siku za kutosha kwa mbavu zote ishirini na mbili, na majirani wanaouliza kabla ya kuomba.

Agar, wa magazini