Watasema na Mguu wa Valerian

Mnaniuliza tena habari ya mbwa wa Dorika. Mambo ya mbwa kupanda si ya kusimuliwa na bibi mwenye meno mawili, lakini nyie hamna haya. Kaeni basi. Dorika, mjane, anauza kahawa kijiweni Maganzo, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Asubuhi hiyo mbwa wake jike, Watasema, aliyetolewa kizazi na bwana mifugo, aliukumbatia tena mguu wa Valerian mchimbaji, kiuno kinamcheza. Wanaume hawakucheka.

— Jike halina kizazi, linapanda? alisema Mihayo, aliyeitwa Diwani ingawa hajawahi kupata kura. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Huyo ana dume ndani!

— Dume la mtu, alidakia Enock, jina la kijiweni Spika. Mchimbaji aliyefukiwa shimoni anarudi kwa mgongo wa mbwa.

— Ndiyo maana shimo langu halitoi hata punje ya almasi, alilia Valerian. Nimefungwa, jamani.

— Mbwa hafungi mtu, Diwani akasema. Mwenye mbwa je?

Macho yote kwa Dorika.

— Mama Limi, Diwani akamwambia, hayo macho mbona mekundu?

— Kuni mbichi, baba.

— Pafukapo moshi pana moto.

— Sungusungu wakutane leo leo, akasema Spika. Aitwe mpiga ramli.

Dorika akamkumbuka shangazi yake wa Mhunze. Naye yalianzia machoni, kwa wekundu akaitwa mchawi, yakaishia kwenye panga.

Hapo akafika Euphrasia, mwanamke mgeni mwenye vitenge begani, akaomba kahawa. Alimtazama mbwa, akawatazama wanaume.

— Samahanini. Miguu yote hii, mbona anapanda wa huyu tu?

Watasema ndiye aliyejibu: alitia pua mfukoni mwa Valerian, akachomoa kipande cha utumbo mkavu.

Kumbe kila asubuhi Valerian alikuwa akimwonyesha utumbo huo chini ya benchi, anamnyima, mpaka mnyama akili zinamruka. Mbwa akizidiwa na hamu huparamia, awe na kizazi asiwe nacho. Si ndoa hiyo, wala si pepo.

— Nilikuwa natania tu, Valerian akasema. Mlipoanza kuogopa, nikaona heri niitwe aliyerogwa kuliko mvivu.

— Na mimi ningekatwa kwa utani? Dorika akauliza.

Sungusungu walikutana kweli. Wakamtoza Valerian mbuzi, na Diwani na Spika wakawa wa kwanza kunawa mikono wale nyama.

— Mbuzi kuleni wenyewe, Dorika akawaambia. Mimi nataka kuni kavu, zisizo na moshi. Azilete yeye, kichwani kama mwanamke, mchana watu wanaona.

Mpaka leo kila Jumatatu Valerian anapita barabarani na mzigo kichwani, shingo imemkaza, na Watasema nyuma yake anamnusa mfuko.