Utomvu wa Papai

Katika mashua ya abiria kutoka Siyu, nyuma yangu Bi Alawiya alikuwa akienda Lamu kumwambia mwanawe amwache mkewe. "Kapika nyama ya beberu mkongwe, ikalainika mara moja," alimwambia jirani yake, mwanamke asiyemjua. "Huo ni uchawi."

"Labda kaipaka utomvu wa papai bichi," alijibu yule. "Daktari alimweleza mume wangu: ndani yake mna kitu kinachovunja nyama, nacho chenyewe hakipungui kikifanya kazi. Ukiuchemsha kwanza, nguvu yake hufa."

"Basi kitavunja na tumbo langu."

"Tumboni mwako mna kitu kama hicho, Bibi. Ndicho kinachosaga chakula."

Bi Alawiya akajivuta mbali naye, akajifunika buibui. Mashua ilipofika, alishuka wa kwanza, akashika njia ya mtaa wa Langoni kwa mwanawe.