Ukuta Uliopakwa Rangi kwa Heshima Yako

KARIBU

Mgeni rasmi, sisi wauguzi na wafamasia wa wodi ya dawa za saratani tumefurahi kukuona. Tunaomba usiuegemee ukuta ulio nyuma yako, una habari yake.

KAZI YETU

Dawa zetu ni kali, hatuzikadirii kwa jicho. Kwa kila mgonjwa tunatafuta eneo la ngozi ya mwili wake, ndilo linaloamua dozi: urefu kwa sentimita mara uzito kwa kilo, gawa kwa 3600, kisha kipeuo cha pili. Mwenye sentimita 160 na kilo 90 anapata mita za mraba mbili kamili. Dawa ikipungua, ugonjwa unatucheka. Ikizidi, mgonjwa ndiye analia.

MAFANIKIO

Miaka kumi na mmoja hatujakosea dozi. Siri yetu ilikuwa alama za urefu alizotuchorea seremala kwenye ukuta huo.

CHANGAMOTO

Jumatatu, kwa ajili ya ujio wako, ukuta ulipakwa rangi. Umependeza kweli. Alama hazipo, na seremala alishahama. Tumebaki na tepu ya fundi cherehani, imevutika hadi daktari wetu akatoka mfupi kuliko mkewe, na nyumbani kwake sasa hapakaliki.

Mama Mapacha, aliyeketi benchi la mbele, alipaswa kuanza dawa Jumanne. Ni mgonjwa mpya, urefu wake hatuna. Jana alituuliza, "Rangi imeshakauka, wanangu. Mimi nangoja nini tena?" Tuliona aibu, tukakaa kuandika risala hii.

MAOMBI

Tunaomba kipimo cha urefu cha chuma, cha kwetu wenyewe. Tunajua kitachukua muda. Kwa leo tuna ombi dogo. Wasifu wako uliotumwa na ofisi yako unasema una sentimita 182. Humu ndani ni wewe tu mwenye urefu uliopigwa muhuri. Simama ukutani tuweke alama, tujue tepu yetu inadanganya kiasi gani.

Ila mheshimiwa, kama ofisi ilikuongezea kidogo, tunong'oneze. Hatutamwambia mtu. Sentimita hizo za heshima zitaishia kwenye mshipa wa mama huyu.

Penseli tunayo. Viatu tunaomba uvue.

Mungu akujalie afya, usirudi hapa ila kwa kututembelea. Mama Mapacha ameshasimama nyuma yako.

Ni sisi,
Wauguzi na Wafamasia, Wodi ya Dawa za Saratani